Jukwaa la kuvulia la mtu wa kitimwendo: uzoefu wangu na fundi wetu

Baba amevua sangara Ukerewe tangu ujana wake. Kiharusi kilipomkalisha kwenye kitimwendo, kilichomuuma kuliko mguu ni kukaa mbali na maji. Ziwani hatukuweza kumjengea, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Tukaona jukwaa liwe kwenye bwawa letu la sato, shambani.

Fundi tuliyempata ni seremala wa nyumba. Mkono wake ni safi, hilo sibishi. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa alizisimika kwenye zege, na mbao akazifunga kwa skrubu, kwa sababu msumari ukichomoza kichwa tairi limekwisha. Nilimwambia njia ya kupandia iwe na sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu. Alishangaa kusikia kimo cha sentimita 40 kinakula karibu mita 5, lakini alijenga hivyo hivyo. Leo mama anamsukuma baba mpaka juu bila kuhema.

Mbao za sakafu alizilaza kufuata mwendo wa kiti. Siku ya majaribio gurudumu dogo la mbele likazama kwenye upenyo, nusura baba aanguke. Tulizifumua zote, zikalazwa kukingama.

Lililoniumiza zaidi ni reli. Aliiweka mita 1.1, kama ya kibaraza cha ghorofa. Baba akafikishwa ukingoni, akatazama mbele kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hapa naona mbao tu." Nilichuchumaa kando yake na kweli, bwawa lote lilikuwa limefichwa na ubao wa juu.

Hapo ndipo fundi alipopata heshima yangu. Hakubishana. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa karibu na baba, akamwomba arushe mshipi mara tatu, na kila kiwiko kilipopita akatia alama kwa penseli. Alama zikaangukia sentimita 75. Baadaye nikasoma kwamba viwango vya Marekani vinataka angalau robo ya reli ya gati la kuvulia isizidi sentimita 86. Chini akaongeza kizingiti cha sentimita 10 cha kuzuia magurudumu, na katikati akaacha mita 1.5 kwa 1.5 za kugeuzia kiti.

Gharama yote ni kama milioni 3.4, na kufumua kumo. Kazi nyingine nitampa yeye yeye, ila mwenye kiti atakuwepo tangu siku ya kupima.

Mvua ikinyesha mbao huteleza, kwa hiyo tumegongelea wavu wa kuku kwenye njia ya kupandia. Kivuli bado. Fundi anarudi mwezi huu kuweka paa la nyasi, na baba ameshamwagiza: upande wa kulia usiwekwe nguzo, ufito wake usije ukakwama.