PRS Custom 24 kwenye muziki wa dansi: uzoefu wangu

Gitaa la bei kubwa nalipima kwanza bila umeme. Nalipiga kavu, sikio karibu na mbao, nasikiliza noti inavyozimika. Custom 24, gitaa la umeme la kampuni ya Marekani ya PRS (Paul Reed Smith), tunalopigia kwenye bendi yetu hapa Moshi, lilinikamata hapo hapo: noti inashuka taratibu, na nyuzi zote sita zinalingana hata juu kabisa ya shingo, ambako magitaa mengi sauti hubana.

Nikichomeka, naweka sauti safi tu, bila distoshani (ule mkwaruzo wa sauti) wala eko. Distoshani inaficha mengi. Kisha nashusha voliumu ya gitaa hadi nusu. Hili likishushwa, noti za juu bado zinatoka wazi, na kwangu hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote.

Watu husifia mbao yake ya mepo yenye mawimbi na wale ndege wa nakshi kwenye shingo. Ni wazuri kweli, lakini tabia ya gitaa hili iko kwenye vipimo. Urefu wa uzi ni inchi 25, katikati ya magitaa ya Gibson (24.75) na ya Fender (25.5), kwa hiyo uzi unakaza kiasi bila kuumiza vidole. Halafu zile freti 24 (vyuma vinavyokatiza shingo) zinachukua nafasi, pikapu ya mbele, yaani kinasa sauti cha nyuzi, inasogea kuelekea brigi zinakofungwa nyuzi, na sauti yake inakuwa nyepesi kuliko ya Les Paul la Gibson lenye freti 22. Mpenzi wa bluzi huenda asiipende. Sisi tunaopiga solo ya dansi, noti mbili mbili zinazokimbia juu ya ridhimu, ndiyo tunayoitaka: kila noti inasikika peke yake, besi na tumba zikiwa zimepamba moto.

Pikapu zake ni za koili mbili za waya, kwa hiyo mvumo wa umeme unajifuta. Kwenye kumbi zetu zenye taa na waya kila upande, hilo ni jambo kubwa. Ukizigawa koili, ibaki moja inayofanya kazi, unapata mng'ao wa kuelekea Stratocaster la Fender, ingawa kwa masikio yangu Stratocaster lenyewe bado lina ncha kali zaidi.

Custom 24 jipya lililotengenezwa Marekani linazidi dola 4,000. Ndugu yangu mpiga solo, kama fedha hiyo haipo, tafuta SE Custom 24, toleo la PRS la bei nafuu: uzi ni inchi 25 zilezile na freti ni 24, kwa bei ya chini sana. Lipige kavu kwanza, dukani, kabla hujalipa.