Wodi ya mifupa na ile antibayotiki ya jenta ya kwenye kidonda: nyota 4

Jina la hospitali silitaji, ni ya rufaa hapa Dar, wenyewe wakisoma watajijua. Mdogo wangu anaendesha boda, Noah ikambana kwenye taa, muundi ukakatika mfupa ukatokeza nje kabisa.

Mapokezi nyota 2. Yuko kwenye machela kitenge kimelowa damu, watu wanabishana kadi ya bima inasoma au haisomi, mpaka nesi mmoja mtu mzima akapita akauliza "huyu kashapigwa antibayotiki?" kimyaaa, akamchoma mwenyewe ya mshipani na ya pepopunda juu. Jamani mfupa ukishatoka nje hiyo dawa inatakiwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 1, bima ijibu isijibu.

Thieta ndo penye nyota 5 zangu zote. Walimwosha kidonda kwa maji ya dripu chupa juu ya chupa, wakakata nyama iliyokufa, wakaweka chuma, wakashona, halafu mwisho kabisa wakachoma jentamaisini, ndo hiyo jenta, kulekule ndani penye mvunjiko. Nilimuuliza dokta kwanini asiweke kwenye dripu tu yaishe, akanielewesha vizuri bila kuniona mshamba, kwamba mguu ukichanika vile mishipa ya damu nayo imeharibika kwahiyo dawa ya dripu inafika kidogo, ukisema uongeze dozi unaenda kuua figo na masikio, ila ukiichoma palepale inajaa palipo na wadudu na mwilini inabaki kidogo. Akasema Marekani walijaribu vankomaisini, antibayotiki nyingine, wakamwaga unga wake kwenye kidonda kwa watu 980 wenye mivunjiko mibaya ya muundi, majibu yakatoka 2021, maambukizi ya ndani baada ya miezi 6 yalikuwa asilimia 6.4 kwa waliomwagiwa na 9.8 kwa wasiomwagiwa. Shida vanko kuna kundi zima la wadudu haiwagusi na jenta inawagusa, ndo maana MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na wenzao wa Chuo Kikuu cha California San Francisco wakaanza kuipima, wengine wanachomwa jenta wengine maji ya chumvi tu ili walinganishe. Na ni ampule ileile ya 80 mg ya duka la dawa la mtaani, sio dawa ya matajiri!!

Nyota niliyokata ni ya siku ya kuruhusiwa, tumepewa karatasi mwandiko haueleweki, usaha, homa, harufu, hakuna aliyetuambia tuangalie nini, tumekuja kuambiwa na mtu wa mazoezi koridoni. Halafu choo cha wodi ya wanaume maji yanatoka asubuhi tu, nendeni na ndoo.