Uzoefu wangu na shule ya mbio za pikipiki: kazi yote ilikuwa kwenye breki

Nimemaliza ngazi zote za shule ya kuendesha pikipiki uwanjani, na sasa nashiriki mbio za ridhaa katika daraja la pikipiki ndogo. Kila anayejua hivyo huniuliza swali lile lile: ada ya shule inastahili, au ni bora mtu anunue ekzosi na tairi nzuri kwa pesa hiyo hiyo? Jibu langu ni kwamba inastahili, na sababu kubwa ni breki ya mbele. Mengine niliyofundishwa nayathamini sana, lakini hata kama wangefundisha hilo peke yake ningelipa bila kunung'unika.

Nieleze kwanza siku yenyewe inavyokwenda. Mnagawanywa makundi kulingana na uzoefu. Kundi moja likiwa uwanjani kwa dakika kama 20, jingine liko darasani na la tatu linapumzika na kunywa maji. Kabla ya yote pikipiki inakaguliwa. Vioo vinatolewa, taa zinafunikwa kwa utepe, na kwenye rejeta hakutakiwi kitu ila maji, kwa sababu kimiminika chenye glaikoli (kemikali ya kuzuia maji ya rejeta yasigande) kikimwagika njiani kinateleza vibaya na kukisafisha ni shughuli. Wanaoingia mbio kamili hufunga na waya boliti ya kumwagia oili ili isilegee kwa mtetemo. Wapo wanaoona haya ni usumbufu. Mimi nayaona kuwa ni heshima kwa anayekuja nyuma yako, maana oili ya pikipiki yako humwangusha yeye kwanza.

Bendera nazo hufundishwa asubuhi hiyo hiyo, na hapa shule yangu haikuwa na mzaha. Njano, kuna hatari mbele na hakuna ruhusa ya kumpita mtu. Nyekundu, kipindi kimesimamishwa, punguza mwendo na urudi piti, yaani eneo la kando pikipiki zinapohudumiwa. Yenye mistari ya njano na nyekundu, njia inateleza. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, pikipiki yako ina hitilafu, toka njiani. Mwanafunzi aliyeshindwa kuzitaja hakuruhusiwa kuingia uwanjani mpaka alipozijua, na nilifurahi kuliona hilo likisimamiwa.

Somo la kwanza la kuendesha lilikuwa macho. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa unakula karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo ukitazama lami iliyo mbele ya tairi unatazama kitu ambacho umeshakipita. Tulifundishwa kuchagua alama zisizohama: mahali pa kuanza kushika breki, mahali pa kuilaza pikipiki, mahali pa kugusa ukingo wa ndani wa kona, na mahali pa kutokea. Jicho linahamia alama inayofuata kabla pikipiki haijafika kwenye ile ya sasa. Somo la pili lilikuwa usukani: sukuma mkono wa kulia mbele, pikipiki inalala kulia. Wengi tunafanya hivyo bila kujijua. Ukilifanya kwa kukusudia, pikipiki inalala pale unapotaka, kwa haraka unayoitaka.

Kuhusu goti nitasema kidogo tu, ingawa najua ndilo linalowavuta wengi. Kenny Roberts, bingwa wa dunia wa daraja la 500 (sentimita za ujazo za injini) kuanzia 1978 hadi 1980, ni mmoja wa walioufanya mtindo wa kutoa goti ujulikane duniani, na leo waendeshaji wa MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, wanalaza pikipiki kupita nyuzi 60 huku hata kiwiko kikigusa lami. Kinachofanya kazi hapo ni uzito wa mwili ulioning'inia upande wa ndani. Kwa mwendo ule ule na kona ile ile, pikipiki inahitaji kulala zaidi ikiwa umekaa wima, na inahitaji kulala pungufu ikiwa umetoka pembeni. Mwalimu wangu aliliita goti kipimo cha mlalo, basi. Alichokifuatilia yeye kwa makini ni paja la nje, kama limebana tenki kiasi kwamba mikono inabaki mitupu na miepesi. Mikono inayouning'inia usukani huupelekea kila mtikisiko wa mwili, na tairi la mbele linapoteza utulivu wakati linapouhitaji zaidi.

Sasa breki.

Nilipoingia shuleni niliamini, kama wengi, kwamba breki inamalizika kabla ya kona: unashika ukiwa wima, unaachia, kisha unalaza. Kwa barabara ya kawaida ni kanuni salama. Uwanjani mwalimu alituomba jambo moja ambalo sikulisikia popote kabla: taa ya breki ya nyuma isifunikwe. Alitaka akitufuata aone tunashika wapi na, zaidi ya hapo, tunaachia wapi. Mizunguko kadhaa baadaye alituita pembeni, akamwambia kila mmoja wetu kitu kile kile: taa yako inazimika ghafla.

Mazoezi yakaanza kwenye sehemu iliyonyooka. Vidole viwili juu ya breki. Mguso wa kwanza ni mwepesi, unasubiri uzito uhamie mbele na shokapu zibonyee, ndipo unaongeza nguvu. Tairi likiwa limeshabonyezwa, sehemu yake inayogusa lami inapanuka na linabeba mzigo mkubwa kuliko unavyodhani. Ukilivamia kabla halijabebeshwa uzito, linaweza kuacha kuzunguka na kuteleza. Hilo wengi walilipata upesi.

Kuachia ndiko kulikochukua muda. Tairi lina mshiko mmoja tu, na kazi mbili zinaugawana, kupunguza mwendo na kupinda. Ukiwa wima unaweza kuutumia karibu wote kwenye breki. Kadiri unavyolaza, breki inatakiwa kurudisha fungu lake kidogo kidogo, mpaka mlalo ukifika mwisho, kidole kiwe kimeshaacha. Mwalimu alisema tuwaze kwamba mkono wa breki na mlalo wa pikipiki ni ndoo mbili za mzegazega, moja ikipanda nyingine inashuka. Nilipolishika hilo kwa mwili, wala si kwa kichwa tu, kona nilizokuwa naziogopa zilibadilika.

Sababu yake ni ya kimekanika na ningependa kila anayeanza aijue. Breki ikiwa imeshikwa, shokapu za mbele zimefupika, na pembe ya usukani imesimama zaidi. Pikipiki ya namna hiyo inakubali kupinda upesi. Ukiachia ghafla, springi zinaruka juu, pembe inalala, uzito unaondoka kwenye tairi la mbele wakati ule ule unapoliomba likupindishe, na pikipiki inasogea kwenda nje ya kona. Ukiachia polepole, pua ya pikipiki inabaki chini na inaelekea unakotazama. Isitoshe, bado unapunguza mwendo ukiwa ndani ya kona, kwa hiyo kona isiyoonyesha mwisho wake inakupa nafasi ya kurekebisha. Kwa mtu aliyezoea kuingia kona akiwa hana kitu mkononi, uhuru huo ni mkubwa mno.

Kuna hesabu nyingine inayonifanya nilipende somo hili. Nishati ya mwendo inakua kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukitoka kilomita 200 kwa saa hadi 100, breki zimeshameza robo tatu ya nishati yote uliyokuwa nayo. Kazi ngumu inafanyika mapema, ukiwa wima, na kinachobaki kwa ajili ya kona ni kidogo na cha kupimwa kwa ncha ya kidole. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichoshusha muda wangu wa mzunguko kuliko kifaa chochote nilichowahi kufunga. Nafahamu hivyo kwa sababu nina kipima muda cha satelaiti kinachochora mwendo wa kila kona: mwendo wa mwisho wa sehemu iliyonyooka haukubadilika, ila mwendo wangu wa chini kabisa katikati ya kona ulipanda karibu kila mahali.

Si shule zote zinazoanzia hapo, na anayetafuta pa kujiandikisha ajue hivyo. Keith Code, aliyeanzisha California Superbike School mwaka 1980, anajulikana kwa kuweka mkono wa mafuta mbele: ukishafungua mafuta ndani ya kona, endelea kuyafungua kwa utaratibu usiokatika, pikipiki itulie. Freddie Spencer, aliyechukua ubingwa wa dunia wa 250 na wa 500 mwaka mmoja, 1985, anahusishwa zaidi na kubeba breki hadi ndani ya kona. Nimejaribu njia zote mbili kwa moyo, na sioni ugomvi kati yake. Ya kwanza inaanza pale ya pili inapoishia. Lakini kwa mwanafunzi mwenye hofu, naamini breki ianze, kwa sababu hofu yenyewe inatokana na kuingia kona bila njia ya kupunguza mwendo.

Pikipiki niliyotumia ni Kawasaki Ninja 400, na ningemshauri yeyote aanze na ya ukubwa huo. Sentimita za ujazo 399, silinda mbili, uzito kama kilo 168. Kwenye pikipiki ya 1000 unaweza kuharibu kona kisha ukafidia kwa mafuta, na hutajua kamwe kilichokuwa kibaya. Ndogo haifichi. Anayedhani ni pikipiki ya kitoto akumbuke kwamba Ana Carrasco alitwaa ubingwa wa dunia wa Supersport 300, daraja la pikipiki ndogo, mwaka 2018 akiwa juu ya Ninja 400, mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki uwanjani akichuana na wanaume.

Shule iliniangusha kwenye mambo mawili. Moja ni shokapu. Zilifundishwa kwa maelezo ya ubaoni tu, bila mtu kupima za kwangu nikiwa nimekaa juu na suti yangu. Pikipiki ikilala nyuzi 45, mzigo unaozibonyeza unafika kama mara 1.4 ya uzito wa kawaida, kwa hiyo springi isiyolingana na uzito wako itakusumbua hata ukiwa na ufundi. Nilimtafuta fundi mwingine kwa kazi hiyo. La pili ni mbio zenyewe. Hakuna aliyenifundisha kuanza mbio, yaani kuachia klachi taa zikizimika huku mafuta yakiwa palepale na kidevu kimeinama juu ya tenki ili tairi la mbele lisinyanyuke. Wala hakuna aliyenieleza hali ya kona ya kwanza, wakati kundi zima linataka kipande kimoja cha lami na alama yako ya breki imezibwa na migongo ya watu. Hapo nilijifunza kutafuta alama za pembeni, juu zaidi, na kuanza kushika mapema kidogo kwa mguso mrefu. Kwa ada ile, nusu siku ya mazoezi ya kuanza mbio ingekuwa haki ya mwanafunzi.

Vifaa nitavigusia kwa kifupi. Suti ya ngozi ya kipande kimoja, kinga ya mgongo, mabuti na glavu zinazofunika kifundo, hayo hayana mjadala. Nikiongeza pesa, naiweka kwenye mfuko wa hewa wa ndani ya suti. MotoGP iliufanya wa lazima tangu 2018, na nimewaona wenzangu wakiinuka na kutembea baada ya kuanguka nao. Tairi laini za mbio zisizo na mistari sikuzihitaji mwanzoni. Hufanya kazi zikiwa na joto, na wengi huzivisha mablanketi ya umeme yanayofika nyuzi 80 za Selsiasi kabla ya kuingia. Tairi bora ya barabarani yenye asili ya mbio inapata joto yenyewe kwa mizunguko michache na inamtosha mwanafunzi kwa muda mrefu. Pima upepo wake mara tu unapotoka uwanjani, ikiwa bado moto.

Nikiipa shule alama, kwa mafunzo ya uwanjani naipa tano kati ya tano, kwa maandalizi ya mbio tatu. Nimeshajiandikisha tena kwa darasa la mvua, kwa sababu kwenye lami yenye maji lile fungu la mshiko linalogawanywa linapungua sana, na nataka kujua kidole changu kinaachia vipi hapo. Wewe unayetafuta shule yako, kabla hujalipa waulize wahusika nani atakufuata nyuma, kwa mizunguko mingapi, na atakuwa anatazama nini. Wakikutajia picha za goti, endelea kutafuta.