Diski ya nakala ikikwama: ununue nini kwanza

Kwenye kabati la nyumbani kwetu Kirumba, Mwanza, kuna DVD ya sendofu ya dada yangu, ya mwaka 2011. Mpiga video alitoa nakala kumi, kila upande wa ukoo ukapata yake, na moja ilivuka ziwa na mama mdogo hadi Nansio, kisiwani Ukerewe. Dakika za mwisho za diski ile mama yetu anampa dada nasaha. Mama hayupo tena. Na ni hapohapo, akishasema "mwanangu, huko uendako", picha inavunjika vipande vipande, sauti inakatika, deki inabaki inakwaruza.

Nilikwenda mjini nikanunua deki mpya. Ikakwama palepale. Ile hela iliniuma, na najua ziko nyumba nyingi zenye diski za harusi, ubarikio na misiba zinazokwama hivyohivyo. Basi kabla hujatoa mfuko, jua kwanza mgonjwa ni nani.

Tafuta diski original, ile ya kiwandani, uiweke kwenye deki. Ikikwama nayo, deki ndiyo mbovu. Ikicheza vizuri halafu nakala zikagoma, usiharakishe kuilaani nakala. Diski ya kiwandani inarudisha mwanga mwingi, ya kuchoma kwenye kompyuta inarudisha pungufu, na ile ya kufutika, DVD-RW, inarudisha kidogo kuliko zote. Lenzi iliyochoka inaweza kuendelea kusoma original na kuzishindwa hizo nyingine. Kwa hiyo peleka nakala yako kwa jirani, uijaribu kwenye deki mbili zaidi.

Halafu chukua saa. Ikikwama sekunde ileile kila mara, kwenye kila deki, ugonjwa uko kwenye diski. Ikikwama leo dakika ya 20 na kesho ya 50, shuku lenzi, vumbi au mota. Na kama CD za muziki na VCD, zile CD za video, zinacheza lakini hakuna DVD hata moja inayoingia, huenda leza ya DVD imekufa, kwa sababu CD na DVD zinasomwa kwa miale tofauti: nanomita 780 kwa CD, 650 kwa DVD.

Kukwama mwishoni kuna maana yake. DVD inasomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo mwisho wa sherehe, kama diski imejaa, uko kwenye ukingo wa nje. Ukingo ndio unaoumia kwanza: vidole vinaugusa, diski ikipinda unapinda zaidi, na mchomaji mwenye haraka huwa amefika kasi yake ya juu kabisa pale. Stika ya karatasi iliyobandikwa kombo nayo inaiyumbisha diski inapozunguka. Mama yangu aliongea mwishoni, na mpiga video alikuwa na nakala kumi za kutoa siku moja.

Dalili moja zaidi. Deki ikiandika kwamba hakuna diski, na diski haina hata mkwaruzo, inawezekana haikufungwa baada ya kuchomwa, yaani kompyuta haikuikamilisha (finalize). Kompyuta inaweza kuiona, deki ya sebuleni haiwezi. Mrudishie aliyeichoma, aifunge.

Hapo sasa tuongelee manunuzi, kwa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa DVD raita ya nje, ile nyembamba inayochomekwa kwenye laptopu kwa waya wa USB. Wengi hawaifikirii kwa sababu hawataki kuangalia sherehe kwenye laptopu. Lakini huinunui kwa kuangalia, unainunua kwa kuokoa. Deki ya kawaida ina haraka, inalazimika kuonyesha picha sasa hivi, na ikishindwa kidogo inaganda. Kompyuta haina haraka. Inaweza kurudia sehemu moja mara nyingi, kwa mwendo wa polepole, mpaka isomeke. Programu ya ddrescue, ambayo ni ya bure na hutumika kwenye Linux, inachukua kwanza yote yanayosomeka kirahisi, kisha inarudi kwenye yaliyogoma na kuyakomalia. Kwenye Windows ipo IsoBuster, ambayo inaweza kufungua hata diski nyingi ambazo hazikufungwa. Iache ifanye kazi usiku kucha kama umeme unaruhusu.

Ukiinunua, ijaribu dukani kwa diski yako mbovu. Iangalie waya: raita hizi zinakula umeme wa USB, na tundu dhaifu la laptopu linaifanya igonge "tak, tak" bila kusoma. Yenye waya wa vichwa viwili vya USB ni bora. Kama huna laptopu, usinunue. Mtafute kijana wa stashenari mwenye kompyuta ya mezani yenye sehemu ya DVD, mlipe kwa kazi hiyo, ukae naye.

Kabla ya kuokoa, osha diski. Maji safi ya bomba, tone la sabuni ya maji, kitambaa laini cha pamba. Futa kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko ni mgumu zaidi kusahihishwa kuliko unaoukata. Petroli na tina ziache kabisa, zinaila plastiki. Dawa ya meno ni msasa. Mimi siigusi ila kwenye diski niliyokwisha kuikatia tamaa.

Ukishapata faili, libadilishe kuwa MP4 kwa HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, kisha liweke kwenye flashi. Kuna mtego hapa. Flashi nyingi ziko kwenye mpangilio wa FAT32, na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. DVD iliyojaa inakaribia GB 4.4 kwa hesabu ya kompyuta, basi utaambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ni ya GB 32 na iko tupu. MP4 itakuwa ndogo, itaingia.

Nafasi ya pili ni deki mpya, ikiwa original pia zinakwama nyumbani. Chagua yenye tundu la USB. Angalia nyuma ya runinga yako kabla hujatoka: flati skrini nyingi za sasa hazina tena matundu ya waya za rangi tatu, zinataka HDMI. Ukifika madukani Makoroboi au Rwagasore, mjini Mwanza, usikubali kuonyeshwa diski ya muuzaji. Toa tatu zako: original, nakala, na VCD kama unazo. Kila moja irushe mpaka sehemu ya mwisho, uache icheze dakika tano. Muuzaji akikunjamana uso, nenda duka la jirani. Ujue pia kwamba deki nyingi zinasoma video za aina ya zamani, AVI, kwenye flashi na kuikataa MP4. Jaribu na flashi yako humohumo dukani.

Kubadilisha lenzi ni ya tatu. Inafaa kama deki yako ni ile nzito ya zamani na fundi unamfahamu. Mwombe kwanza aifungue na kuisafisha lenzi tu, kwa pamba na spiriti, mbele yako. Kwetu kandokando ya ziwa, unyevu na vumbi vya barabara vinaganda pamoja juu ya lenzi, na mara nyingi hiyo ndiyo kazi yote iliyohitajika. Akitaka zaidi ya nusu ya bei ya deki mpya, mshukuru uondoke.

Deki ya mtumba naiweka chini. Huwezi kujua lenzi imebakiza uhai kiasi gani. Kwa kambi ya wavuvi yenye sola, ile ndogo yenye skrini yake na waya wa volti 12 inaweza kufaa, lakini ijaribu saa nzima, maana joto ndilo linaloifichua.

Diski ya kusafishia lenzi, ile yenye vibrashi, sikushauri hata kidogo. Inapiga lenzi ovyo na haitoi mafuta wala unyevu ulioganda.

Diski za barabarani za filamu 20 kwa moja nazo ziache. Ili zienee, picha zimekamuliwa mpaka hazina uhai, na kilichokamuliwa hakirudi kwa kifaa chochote. Msanii hapati kitu. Filamu ya Kitanzania nunua nakala halali.

Ukiagiza nakala za sherehe yako mwenyewe, mwambie mpiga video maneno haya: DVD-R, si RW. Diski ya kasi ya 16x aichome kwa kasi ya 8x. Saa mbili kwa diski moja, sherehe ndefu igawanywe mbili. Aandike jina kwa maka peni laini, asibandike stika. Na akupe faili kwenye flashi siku hiyohiyo, maana rangi inayobeba picha kwenye diski ya kuchoma inafifia, na jua linaiharakisha.

Kuhusu ile ya dada: raita ilitoa karibu yote kwenye diski yetu, ila ukingo ukagoma. Hapo nikajifunza jambo ambalo natamani kila ukoo ulijue. Nakala zilizochomwa kutoka faili moja zinafanana kila kipande, lakini hazifi mahali pamoja. ddrescue inaweza kuendelea na kazi ileile kwa nakala nyingine, ikajaza mashimo tu. Nikampigia mama mdogo. Diski yake ikaja na meli ndani ya kanga, ina mkwaruzo mkubwa katikati na ukingo mzima kabisa.

Nasaha za mama zilitoka zote. Faili sasa liko kwenye flashi tatu: Kirumba, kwa dada, na Nansio, ambako flashi ilirudi pamoja na diski, kwa kuwa mama mdogo alisema ameazima, hajatoa.