Soksi Nene Zilivyonigandisha Vidole: Uzoefu Wangu Mlimani

Nimesubiri hasira ipungue kabla ya kuandika, na haijapungua. Soksi ninazozizungumzia nilizinunua mwanzoni mwa msimu uliopita wa theluji, siku chache kabla ya safari ya mlimani, na jambo ninalotaka wenzangu walijue kabla ya mengine yote ni hili: soksi nene kuliko zote zilizokuwa dukani ndizo zilizonifanya nisihisi vidole vyangu vya miguu kwa sehemu kubwa ya asubuhi. Sikuwa nimeazima viatu visivyonienea. Nilikuwa na buti zangu mwenyewe za skii (vile vibao viwili virefu vya kutelezea juu ya theluji), zilizopimwa mguuni mwangu na fundi aliyeijua kazi yake, na soksi ambazo muuzaji aliniapia kwamba hakuna baridi itakayozipenya.

Nilimweleza muuzaji huyo kila kitu alichohitaji kujua. Nilimwambia kwamba ninateleza kwa skii, si kwa ubao mmoja mpana. Kwamba buti zangu ni za ganda gumu la plastiki na zinaukumbatia mguu kama inavyotakiwa. Na kwamba siku nilipopimwa na fundi nilikuwa nimevaa soksi nyembamba. Mtu anayeuza vifaa vya theluji akisikia mambo hayo matatu ameshapata jibu. Yeye hakuniuliza swali hata moja. Aliinua mkono, akateremsha jozi iliyokuwa juu kabisa, akauchana mkanda wake wa karatasi ili niishike vizuri, akautupa mkanda huo kwenye kapu lililokuwa karibu na miguu yake, kisha akasema: "Ndugu yangu, baridi huzuiwa na unene, hakuna siri nyingine. Chukua hizi, na ukiona hazitoshi, vaa jozi mbili." Nilipomuuliza kama hazitabana ndani ya buti, alimgeukia mwenzake aliyekuwa kaunta, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wapo wateja wanaopenda kubishana hata na joto. Mwenzake alicheka. Nililipa nikatoka.

Ni kweli kwamba mkononi zilipendeza. Zilikuwa za sufu iliyofumwa kwa vitanzi vizito kuanzia unyayo hadi juu, laini kiasi cha kumfanya mtu atamani kulala nazo, na sioni sababu ya kumlaumu aliyezifuma.

Asubuhi ya siku ya kwanza mlimani nilihangaika muda mrefu kuingiza mguu kwenye buti, nikalazimika kulegeza bizimu mbili ambazo kwa kawaida sizigusi. Katika mteremko wa kwanza nilisikia mgandamizo juu ya wayo, mahali pale ambapo mshipa mkubwa wa damu unapita karibu sana na ngozi kuelekea vidoleni. Katika mteremko wa pili vidole vilianza kuuma. Kufikia wa nne maumivu yalikuwa yamekwisha, na kukoma huko kwa maumivu ndiko kulikonitisha kuliko maumivu yenyewe, kwa maana sikuhisi chochote tena: nilikunja vidole nisijue kama vimekunjika. Nililegeza bizimu zote ili damu ipite, na hapo buti zikawa hazinitii, kisigino kikapanda na kushuka, nikashuka sehemu iliyobaki kwa kujivuta pembeni huku watoto wadogo wakinipita.

Nilipovua buti ndani ya kibanda cha mapumziko, ncha za vidole vitatu vya mguu wa kushoto zilikuwa nyeupe kama nta. Rafiki niliyekuwa naye, kwa nia njema kabisa, alitaka kuzisugua. Mwanamke mmoja wa kikosi cha uokoaji cha pale mlimani alimshika mkono akamzuia, akatueleza kwa upole kwamba ngozi iliyogandishwa na baridi haisuguliwi kwa mkono wala kwa theluji, kwa kuwa kusugua huiumiza zaidi. Alileta beseni la maji ya vuguvugu, akayapima kwa kipimajoto mpaka yakawa kati ya nyuzi 37 na 39, akasisitiza kwamba mguu uliokufa ganzi hauwezi kutambua maji yanayounguza. Kisha akaiokota soksi yangu sakafuni, akaibonyeza kwa vidole viwili, akauliza: "Nani amekuambia uvae hii ndani ya buti ya skii?" Sikuwa na la kumjibu. Rangi ilirudi vidoleni, pamoja na maumivu ambayo sitayasahau upesi, na nashukuru kwamba haikuwa zaidi ya hapo.

Aliyonieleza mama huyu ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu ndiyo niliyopaswa kuambiwa dukani. Soksi haina joto lake yenyewe. Joto la mguu huletwa na damu, na soksi kazi yake ni kulihifadhi kwa kushika hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake. Ndani ya buti ya skii, ambayo ganda lake halitanuki hata kidogo, soksi nene haina pa kuweka hewa hiyo: inabanwa hadi inakuwa kama ubao, na mgandamizo huo huo unaibana mishipa ya damu. Mwili nao, ukipata baridi, hupunguza wenyewe damu inayokwenda miguuni na mikononi ili kulinda viungo vya ndani. Kwa hiyo ukiongeza kizuizi cha soksi juu ya kizuizi cha mwili, vidole vinabaki bila chochote. Kuvaa jozi mbili ni kubaya zaidi, kwa kuwa jozi moja huteleza juu ya nyingine, hufanya mikunjo, na kila mkunjo huacha lengelenge. Nilipofikiria kwamba muuzaji yule alinishauri jozi mbili kwa kujiamini vile, hasira ilinipanda upya, na hata sasa ninapoandika inanipanda.

Nilirudi dukani wiki iliyofuata. Sikwenda kugombana. Nilimweleza yaliyonipata, nikamwomba anibadilishie, hata kwa kuongeza fedha, nipate jozi nyembamba. Alizichukua soksi, akazigeuza, akaniuliza: "Mkanda wake wa karatasi uko wapi? Bila mkanda haturudishi." Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyeuchana mbele yangu na kuutupa kwenye kapu lake. Hakukana. Alisema tu kwamba utaratibu ni utaratibu, kisha akaongeza, mbele ya watu watatu waliokuwa wakisubiri zamu yao, maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: "Soksi hazina tatizo, ndugu. Tatizo ni miguu yako, haina damu ya kutosha." Nimewahi kununua vitu vibaya na nikavisahau. Lakini mtu kukuuzia kitu kisichokufaa, kukuchania ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, kisha kuulaumu mwili wako mbele ya watu, hilo sijawahi kutendewa na sitalivumilia.

Soksi nilizovaa baadaye nilizipata kwingine, nazo zimeubadilisha kabisa msimu wangu. Ni nyembamba kiasi kwamba mara ya kwanza niliogopa kuzivaa. Zimefumwa kwa sufu ya merino, kondoo wenye manyoya laini, iliyochanganywa na nailoni na uzi kidogo wa kuvutika, na mchanganyiko huo una maana yake, kwa sababu sufu tupu huchakaa upesi kisiginoni na huanza kulegea na kukunjamana, ilhali nailoni huipa nguvu na uzi wa kuvutika huishikilia mahali pake. Unyuzi wa merino ni mwembamba, kwa kawaida chini ya mikromita 24 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ndiyo maana hauwashi kama sufu ya kawaida, ambayo ncha zake nene huchoma ngozi. Muhimu kuliko hayo, sufu huweza kunywa mvuke wa jasho hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mguu haujahisi umelowa. Pamba haiwezi hivyo: hunywa jasho ikalikalia, na kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, soksi ya pamba iliyolowa huwa inaunyonya mguu joto lake badala ya kuutunzia. Mtu akiniuliza ni kitu gani kimoja asikitie kabisa kwenye buti, nitamjibu pamba kabla hajamaliza kuuliza.

Mambo mengine nimeyajua kwa kuyavaa. Soksi lazima ipande juu kuliko ukingo wa buti, la sivyo ukingo huo utalisaga shavu la mguu mchana kutwa. Kama kuna mto mwepesi, uwe mbele kwenye muundi, mahali ambapo mguu huegemea ulimi wa buti, na si kuzunguka mguu mzima. Mshono wa vidoleni uwe bapa usioweza kuhisiwa. Jozi yangu ina ya kushoto na ya kulia, jambo nililolidhania pambo mpaka nilipozivaa kinyume asubuhi moja na kuona kitambaa kikijikusanya upande wa kidole kidogo. Suruali ya ndani huishia juu ya buti, isiingizwe chini ya soksi wala ndani ya buti, kwa maana pindo lake hubana sawasawa na bizimu. Na soksi zenyewe huzivaa dakika chache tu kabla ya kuingia kwenye buti, si kabla ya safari, kwa sababu nikisafiri nazo ninafika mlimani zikiwa na unyevu tayari.

Kwa siku nzima ya baridi kali, nikiwa na soksi hizo nyembamba, vidole vyangu vilikuwa na joto. Sikuamini. Nilikuwa nikisimama katikati ya mteremko kuvikunja na kuvikunjua, kuhakikisha tu kwamba bado vipo, na kila mara vilinijibu.

Baada ya kusema yote hayo, haki inanilazimisha kuzirudia zile soksi nene, kwa kuwa nilipoanza kuandika nilikusudia kumwambia kila mtu azikimbie, na sasa siwezi kusema hivyo kwa moyo mweupe. Mdogo wangu, anayeteleza kwa ubao wa theluji, alizichukua kwangu akazivaa siku mbili. Buti za ubao ni laini, hazina ganda gumu, hufungwa kwa kamba au waya wenye kifundo cha kuzungusha, na zake zilikuwa na nafasi kidogo. Alirudi akisema zilimfaa, ingawa alikiri kwamba alasiri alisikia kubanwa pale mkanda wa ubao unapopita juu ya kifundo cha mguu. Nadhani hata kwake soksi ya unene wa wastani ingetosha, lakini hakulalamika. Mimi mwenyewe nimezivaa kwa matembezi kwenye theluji, ndani ya viatu vya kutembelea vyenye nafasi, na zilinipa joto zuri sana. Nimezifua mara kadhaa kwa maji baridi, nikizigeuza ndani nje, bila dawa ya kulainishia nguo na bila kuzianika karibu na moto, nazo hazijasinyaa wala kutoboka. Kwa ufumaji, basi, nazipa alama za juu. Kwa buti ya skii sizipi hata alama moja. Sijui niandike nini mahali panapotaka hukumu moja, na kila nikitaka kuandika kwamba ni soksi nzuri, naiona tena sura ya muuzaji yule akiizungumzia damu yangu.

Hivi karibuni nilipita tena kwenye duka lile, kwa kuwa nilimsindikiza mtu aliyehitaji miwani ya theluji. Muuzaji wangu hakuwepo. Soksi zile nene zilikuwa bado zimetundikwa juu kabisa, safari hii zikiwa na mikanda yake ya karatasi, na kwa mara ya kwanza niliusoma ule mkanda. Una mchoro wa mtu mwenye mfuko mgongoni, amevaa viatu vya kutembelea, na chini yake imeandikwa kwamba soksi hizi ni za matembezi ya majira ya baridi. Kwenye msumari wa chini, umbali wa mkono kutoka pale aliponisimamisha siku ile, zilitundikwa soksi nyembamba za merino, na kwenye mkanda wake palichorwa buti ya skii yenye bizimu nne.