Kitabu cha Mwindo nilichokinunua Birere

Nilikinunua Birere, hapa Goma, kwa franka 5,000. Nusu yake ni sungura na fisi, hadithi ambazo hata mtoto wa jirani anazijua, hizo nimeziruka. Lakini ile ya Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa kule Walikale, imenifanya nisahau bei. Baba yake, Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hivyo hivyo, anatembea, anasema, usinga mkononi. Baba akamfungia ndani ya ngoma, ikatupwa mtoni. Hapo binti yangu wa miaka saba akanishika mkono: "Papa, anapumua wapi mule?" Ukurasa ule tuliurudia mara tatu.

Nina lawama moja kubwa: wameondoa nyimbo. Kwa Wanyanga msimuliaji huimba na kucheza, watu wanaitikia. Bila wimbo ni sombe, yaani majani ya muhogo, bila mawese. Nikajitungia kiitikio changu, mke wangu akacheka hadi akatoka nje.

Na gundi, jamani! Siku ya nne ukurasa wa ngoma ulichomoka wenyewe. Sasa umebandikwa ukutani, juu ya kitanda cha binti.