Kanele ya Bordeaux: kalibu ya shaba au ya silikoni?

Karibuni. Tazameni hii hapa: keki ya urefu wa kidole gumba, ina mifereji ubavuni, rangi ya kahawia inayokaribia weusi. Haijaungua, ndivyo inavyotakiwa. Nikiigonga kwa kisu inalia ko, ko. Nikiikata, ndani ni njano, laini kama kastadi, ina vitundu kama sega. Huko Bordeaux, mji wa bandari Ufaransa, huandikwa canelé, n moja, tangu chama cha waokaji wake wa Bordeaux kilipoanzishwa 1985 na kuiondoa n ya pili.

Wenyeji wanasema ilibuniwa na watawa: watengeneza mvinyo walisafishia mvinyo ute wa mayai, viini vikabaki, watawa wakapelekewa. Hadithi tamu, na habari ya ute ni kweli. Ila wenye mizizi iliyo wazi zaidi ni canauliers, waokaji wa karne ya 17 waliotumia unga na viini. Maziwa na sukari yalikuwa haki ya wapishi wa keki, basi wakagombana miaka mingi. Ramu na vanila ni mambo ya bandari: meli za Bordeaux zilifanya biashara na visiwa vya Karibi, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa.

Sasa kalibu. Ya silikoni ni rahisi, keki inatoka bila kushika, lakini silikoni haipitishi moto vizuri. Ganda linabaki la kimanjano na linavutika kama mpira. Shaba nyekundu hupeleka moto haraka kila upande. Bei yake inauma, kwa hiyo nunua sita tu, uoke kwa awamu. Angalizo: ndani imepakwa bati, na bati huyeyuka kwenye nyuzi 232. Usiiache tupu kwenye oveni kali. Wala usiisugue kwa sabuni. Ifute kwa kitambaa ikiwa bado ya moto.

Kwa keki 12 hivi: maziwa nusu lita, siagi gramu 50, sukari 250, unga wa ngano 125, mayai mawili na viini viwili, ramu mililita 50, kijiti kimoja cha vanila. Usiyetumia kileo, weka maziwa badala yake. Chemsha maziwa na siagi na vanila, yaache yapoe kidogo, mimina juu ya vile vikavu na mayai. Koroga taratibu, usipige povu! Chuja, ramu iingie mwisho, weka kwenye friji saa 24 hadi 48. Ukiruka hapo, hewa iliyomo itainua keki itoke nje ya kalibu kama uyoga, na kichwa kitabaki cheupe kwa sababu hakikugusa shaba.

Yeyusha nta ya nyuki na samli, nusu kwa nusu. Pasha kalibu kiasi, jaza, mwaga papo hapo, ifunike kichwachini juu ya waya. Utando uwe mwembamba. Ukiganda mnene, mifereji inafutika na mdomo wa mlaji unashika mafuta. Koroga rojo tena, limimine kwenye kalibu, acha nusu sentimita juu. Nyuzi 240 kwa dakika 12, kisha 185 kwa dakika 50. Pindua zikiwa moto, ngoja saa nzima ganda likauke. Baada ya saa tano au sita linaanza kulainika. Zirudishe kwenye oveni dakika 5, halafu ziache zipoe tena.